Kovu la Bibi Harusi

Picha za wanawake zilikuwa kazi yangu peke yangu katika studio ile ya Mwembe Tayari, Mombasa. Ami, mwenye studio, alitaka hivyo, na wateja vilevile. Bibi harusi aliyeachia nywele na kupakwa piko hadi viwikoni hapigwi picha ili kila mwanamume apitaye amtazame. Hata skrini ya kompyuta tuliigeuza ikaelekea ukutani.

Ilikuwa 2008. Nilitumia Photoshop Elements, iliyokuja kwenye CD pamoja na skana. Ni mdogo wake Photoshop, lakini kwa uso ilitosha. Ina brashi ya kuziba madoa: unaifanya kubwa kidogo kuliko kipele, unabofya, nayo inachota ngozi ya jirani na kufunika. Ila usibofye karibu na nyusi, maana itachota nyusi na kuipanda kwenye paji la uso.

Bibi harusi alikuja na shangazi yake baada ya sherehe kwisha. Paji lilikuwa limemtoka vipele. Shangazi alilaumu joto; mwenyewe alilaumu singo aliyosuguliwa mpaka ngozi ikawaka. Juu ya nyusi ya kushoto alikuwa na kovu jembamba, lililopinda mfano wa ukucha.

Shangazi alivuta kiti akakaa karibu kuliko mimi. "Hivi vipele vyote vitoke, mwanangu. Na hilo kovu."

"Kovu liache," bibi harusi akasema.

"Liachwe la nini? Utaning'iniza ukutani picha yenye kovu?"

Nikaanza na vipele, maana havikuwa na mtetezi. Kisha nikaweka nakala ya picha juu ya picha yenyewe, kama matabaka mawili, nikalitia ukungu tabaka la juu. Shangazi akapiga kofi: "Hapo! Usiguse tena!" Lakini pale hapakuwa na uso. Vinyweleo vilikuwa vimetoweka, kope zimefifia, hata dhahabu ya sikioni imepoteza ukingo. Nikafuta ukungu kwenye macho, midomo na nyusi, kisha nikalipunguza nguvu tabaka lile mpaka vinyweleo vikaanza kurudi. Siku hizi simu zinalainisha uso zenyewe hata bila kuombwa, na mimi huitambua kazi yake papo hapo: ngozi ya paji na ngozi ya shavu zinakuwa kitu kimoja, na uso wa mtu hauko hivyo.

Likabaki kovu. Hapo Ami, aliyekuwa upande wa pili wa pazia ametupa mgongo, akakohoa.

"Cha wiki moja kitoe," akasema. "Cha miaka muachie mwenyewe."

Shangazi akamuuliza kama yeye ni mpiga picha au kadhi. Ami hakujibu. Alipitisha mkono pembeni ya pazia akanipa negativu ya zamani, uso wake mwenyewe enzi za ujana. Nikaiinua kwenye taa. Shavuni palikuwa na vistari vya penseli, vyembamba kama nywele. Alinieleza kutoka hukohuko: doa jeusi la usoni hutoka jeupe kwenye negativu, basi fundi huchonga penseli kwa msasa mpaka ncha iwe ya sindano, akalijaza taratibu ili mwanga upite kidogo. Ikisafishwa picha, doa limekwisha. Chunusi zake zote alizitoa namna hiyo. Alama ya tetekuwanga puani hakuigusa.

Nikaziba kovu kwenye tabaka lake peke yake, nikampa bibi harusi kipanya. Akapandisha na kushusha nguvu ya tabaka lile: kovu likaondoka, likarudi nusu, likarudi lote. Akaachia hapo. Alilipata kwenye ngazi za nyumba ya bibi yake, Kibokoni, akikimbizana na kaka yake, na huyo kaka sasa yuko Maskati.

"Atatafuta hili kwanza," akasema.

Shangazi akanyamaza kidogo. Halafu akarekebisha buibui, akaketi kwenye kigoda cha kupigia picha na kuniita niwashe taa. Ati na yeye anataka ya kwake. Nilipoifungua kwenye skrini, akaelekeza kidole chini ya macho yake.

"Mikunjo hii imekuja juzi tu," akasema, kwa sauti ya kufika ng'ambo ya pazia. "Haijatimiza wiki. Itoe yote."