Siku moja maishani mwangu: Dodoma mpaka Tukuyu, usukani ni wangu

Mimi ni mpishi wa kambi ya watalii, mume wangu ni dereva wa watalii. Masika yakichanganya mwezi wa nne, kambi nyingi za kaskazini hufungwa, mahema yanakunjwa, na sisi tunabaki katikati: mkataba mmoja umeisha, mwingine unaanza mwezi wa sita. Hapo ndipo tunapokwenda kwao mume wangu, Tukuyu mkoani Mbeya, ambako mtoto wetu Lusajo analelewa na bibi yake. Juzi tulitoka Arusha tukalala Kondoa kwa mama yangu, jana tukafika Dodoma kwa dada. Leo ndiyo siku yenyewe.

Njia hii ina sheria moja, na huu ni mwaka wa tatu tunaifuata. Yeye ameendesha msimu mzima, mimi nimepika msimu mzima. Kwa hiyo kwenda nyumbani naendesha mimi, na yeye ananilisha.

Saa 10:20 alfajiri

Naamshwa na harufu ya kitu kinachoungua. Jikoni kwa dada namkuta Baba Lusajo amevaa singlendi, anageuza chapati kwa kisu. "Zimeiva," ananiambia kabla sijauliza. Kuiva zimeiva. Ukiidondosha moja sakafuni, jirani ataamka. Nanyamaza, maana sheria ina kipengele cha pili: asiyefanya kazi hiyo leo asiikosoe. Hakuna kati yetu aliyewahi kukitii zaidi ya saa mbili.

Yeye anakivunja kwanza. Nikitoka nje namkuta anazunguka gari na tochi ya simu, anapiga teke tairi moja moja, anachomoa kijiti cha oili, anakifuta, anakirudisha, anakichomoa tena. Nimeshaangalia jana jioni. Anajua kwamba nimeshaangalia.

Saa 11:05 alfajiri

Dumu la lita 20 la mafuta ya alizeti limekaa kiti cha nyuma, limefungwa mkanda kama abiria. Pembeni yake kuna kiroba cha karanga na ubuyu ambao dada ameusukumia dirishani dakika ya mwisho. Navuta kiti cha dereva mbele. Kinakwaruza, kinagoma, navuta tena mpaka kinalia "ka!" na magoti yangu yanakaribia kugusa dashibodi. Mume wangu ni mrefu, mimi mfupi. Kila tukibadilishana usukani ni lazima kiti kigombane na mmoja wetu.

Barabara ya Iringa iko tupu. Tukifika Mlowa kunapambazuka, na ng'ombe wa Wagogo wanavuka bila haraka. Abiria wangu anakanyaga breki isiyokuwepo kwa mguu wa kulia. Amekaa upande wa kushoto, mbele yake hakuna hata pedali moja, lakini mguu unakanyaga tu.

Saa 1:15 asubuhi

Mtera. Mahali hapa sichoki kupaona. Miti mikavu imesimama majini, na bwawa limetanda hadi macho yanaishiwa. Mitambo ya hapa inazalisha umeme wa megawati 80, kisha maji yaleyale yanateremka na mto Ruaha Mkuu kwenda kufanya kazi ya pili kwenye bwawa la Kidatu. Ukivuka bwawa, umeuacha mkoa wa Dodoma, umeingia Iringa.

"Kushoto kwenu mtaona ndege mwari," anasema mume wangu, sauti ya kazini, na amegeuza shingo kabisa kuangalia kiti cha nyuma. Anaongea na dumu la mafuta. Amerudi wiki iliyopita kutoka siku 11 Serengeti na familia ya watu sita, bado hawajamtoka. Nacheka mpaka naegesha.

Naegesha pia kwa sababu ya samaki. Akina mama wamepanga mabeseni ya perege wa kukaanga, wamewafunika kwa nailoni. Kulisha ni kazi yake, kwa hiyo anashuka yeye, na mimi naapa sitashuka. Namwangalia kupitia kioo. Anaokota walio juu, wakubwa, weusi, wanaong'aa. Nashuka.

Siyo ubishi, ni mshahara wangu ulionifundisha. Perege aliyekaangwa jana akarudishwa kwenye mafuta leo anang'aa kuliko wa leo; ndiyo maana anawekwa juu. Mshike mkia uukunje kidogo. Ukikatika kama biskuti, huyo amelala sokoni. Wa asubuhi hii mkia unapinda kwanza ndipo unavunjika, na ukimbonyeza mgongoni karibu na kichwa, nyama inaachia mfupa na kutoa mvuke kidogo. Nachambua beseni mpaka chini, napata sita. Muuzaji anamwambia mume wangu, "Baba, huyu mama anaijua kazi." Anajibu, "Analipwa kwa hiyo." Wawili tunawala palepale bila chumvi ya ziada, tumeegemea boneti, vidole vinawaka moto. Chapati zinafaa kushikia samaki. Nazisifia kwa hilo.

Saa 2:40 asubuhi

Mlima Nyang'oro. Kona juu ya kona, gia ya pili, mvua ya manyunyu. Hakuna anayeongea. Juu kabisa ananimiminia chai kwenye kifuniko cha thamosi, ina sukari kama ya harusi.

Saa 4:00 asubuhi

Ipogolo, chini ya mji wa Iringa. Kama kilomita 260 ziko nyuma yetu, na raha ya barabara tupu imeishia hapa, kwa sababu hapa unaingia njia kuu ya Dar es Salaam kwenda Zambia, na malori yake hayana mwanzo wala mwisho. Ya kwenda yamebeba makontena, ya kurudi yamebeba shaba ya Kongo na Zambia. Tunakula wali maharage kwa mama ntilie, tunajaza mafuta, tunaondoka.

Watu huogopa malori, mimi nimejifunza kuongea nayo. Lori lililo mbele likikuwashia indiketa ya kushoto, dereva anakwambia kweupe, pita. Akiwasha ya kulia, kuna kitu kinakuja, tulia nyuma yake. Ukishapita unamshukuru kwa taa za hazadi mara mbili. Nimeshukuru watu wengi leo ambao sitawaona maishani. Ila usiache macho yako nyumbani kwa kutegemea indiketa ya mwenzio; pengine anataka tu kuchepuka kununua mahindi.

Saa 6:10 mchana

Mafinga. Harufu ya mbao mbichi, baridi, misitu ya misindano ya Sao Hill pande zote mbili. Abiria wangu amelala mdomo wazi. Nimeenda kilomita 40 bila kukanyagiwa breki.

Saa 8:00 mchana

Tumepita Makambako, tumeteremka tambarare ya Usangu, joto limerudi, mpunga kila upande. Ninapigwa tochi ya kupimia mwendo.

Niseme ukweli, kosa ni langu. Vijijini mwisho ni kilomita 50 kwa saa, na unaruhusiwa kuongeza ukishapita kile kibao cheupe chenye mistari myeusi. Kibao nilikiona. Kilikuwa mita 50 mbele yangu, na mguu ukatangulia kufika. Afande ametokea kwenye kivuli cha mwembe, mkono umeinuka taratibu, kama mtu anayesalimia.

"Mama, sitini na moja." Ananionyesha picha. Gari ni letu, namba ni zetu. Anachukua leseni, anainama kumchungulia mume wangu ambaye sasa ameamka vizuri sana. "Mzee, barabara kubwa hivi unamwachia mama?"

"Afande, mimi leo ni mpishi."

Afande anatuangalia mmoja mmoja, anaangalia dumu lililofungwa mkanda, anacheka, na anaandika faini vilevile. Shilingi 30,000. Bajeti yetu inasema faini ni ya aliyeshika usukani, kwa hiyo nalipa kwa simu yangu. Kutoka hapo mpaka Chimala mume wangu anasoma kila kibao kwa sauti. Kila kibao. Mpaka vya makanisa.

Saa 10:20 jioni

Uyole. Malori yananyooka kwenda Mbeya na Tunduma, sisi tunakunja kushoto. Barabara inapanda moja kwa moja kwenye mawingu. Wauzaji wa viazi wamejifunika makoti mazito, ndoo zimepangwa, na kufika Isongole sioni zaidi ya mistari mitatu ya katikati ya barabara.

Nimewasha taa, nimeshusha kioo nisikilize. Mume wangu ameacha kusoma vibao. Halafu naliona tawi la majani mabichi lami katikati, limelala peke yake. Hatua kadhaa mbele, jingine. Siulizi, nashusha gia, natambaa. La tatu, la nne, na kwenye ukungu linatokeza lori la viazi, limeinamia upande, tairi la nyuma limetoka, halina hata taa moja. Utingo amekaa kwenye gunia, ananipungia mkono nipite.

Nageuka kumwangalia abiria wangu. Miguu yake yote miwili imetulia. "Chai?" ananiuliza.

Saa 12 kasoro dakika kumi

Migomba, mashamba ya chai yaliyonyolewa sawasawa, mvua ya Tukuyu ambayo haina mpango wa kukatika. Lusajo anatoka mbio pekupeku kwenye matope, jino la mbele halipo, anasema "Shikamoo" na "Mmeniletea nini?" kwa pumzi moja. Namkumbatia mpaka analalamika nanuka samaki.

Mama mkwe namsalimia "Ugonile", ndicho Kinyakyusa pekee ninachokiamini. Ananikumbatia, kisha anamgeukia mwanawe, anampangusa mvua begani. "Pole mwanangu, pole kwa kuendesha. Njia ndefu hii." Jirani naye: "Pole sana, baba, umekaza." Shangazi naye. Anaitikia "asante, asante", ananitupia jicho moja, anakalishwa kwenye kochi akaletewa maji ya moto ya kunawa miguu. Mimi napewa kisu na mkungu wa ndizi. Nabaki namwangalia kupitia mlango wa jiko, naona anavyoinua mguu mmoja na kuutumbukiza mwingine, taratibu, kama mtu aliyechoka kweli.

Saa 2:30 usiku

Baba mkwe ni dereva mstaafu, aliendesha lori la majani ya chai miaka mingi. Mila ya kwao mkwe wa kike na baba mkwe wasikutane ana kwa ana. Siku hizi imelegea, tunakaa nyumba moja, ila hajawahi kunisemesha moja kwa moja. Akiwa na neno analipitisha kwa mama au kwa mwanawe, nami najibu kwa njia hiyohiyo. Tumelizoea, na ndani yake kuna heshima yake.

Mvua imezidi, anachukua ufunguo kwenda kulisogeza gari lisikae kwenye mkondo wa maji. Tunasikia mlango unafunguliwa. Kisha kishindo, na neno la Kinyakyusa ambalo mama anajifanya hajalisikia. Kisha kiti kinakwaruza kurudi nyuma, muda mrefu.

Anarudi akichechemea, anasugua goti. Anamwangalia mwanawe kwenye kochi. Anaangalia miguu yake iliyonyooshwa. Anakaa, anavuta bakuli la ndizi, na kwa Kiswahili, aliyekuwa jikoni asikie, anamwambia mama:

"Mwambie dereva gari nimeliacha kwenye gia. Kesho asije akaliwasha bila kukanyaga klachi."