Majeruhi Waliopitia Rzeszów

Katika majira ya vuli ya mwaka 2022, nikiwa muuguzi katika wodi ya mifupa ya hospitali moja jijini Cologne, Ujerumani, muuguzi mkuu aliniomba nibaki baada ya zamu kwisha, kwa kuwa usiku ule tungepokea raia wa Ukraine waliojeruhiwa vitani. Vyumba viwili vilikuwa vimekwisha kutengwa, na daktari wa maambukizi alikuwa ametuagiza tuvae magauni, glovu na barakoa kabla ya kumgusa mgonjwa yeyote, kwani majeruhi wengi kutoka huko walikuwa wakifika na bakteria sugu katika vidonda vyao.

Safari yao ilikuwa imepangwa na mikono mingi. Tangu Machi 2022, Wizara ya Afya ya Ukraine ilikuwa ikizipelekea nchi za Ulaya maombi ya wagonjwa, kupitia utaratibu unaosimamiwa na Tume ya Ulaya, na kila nchi ikajibu ina vitanda vingapi na inaweza kutibu majeraha ya namna gani. Kwa kuwa anga ya Ukraine ilikuwa imefungwa kwa ndege za kiraia, majeruhi walivushwa mpaka kwa treni na ambulensi hadi Rzeszów, kusini-mashariki mwa Poland, ambako kilifunguliwa kituo cha kuwahudumia wakisubiri kusafirishwa. Norway ilitoa ndege ya abiria aina ya Boeing 737 iliyogeuzwa kuwa ya kubebea wagonjwa. Ujerumani nayo ilitumia mpango uitwao Kleeblatt, ulioanzishwa wakati wa korona, unaoigawa nchi katika kanda tano ili mzigo usiangukie hospitali za upande mmoja.

Mgonjwa niliyekabidhiwa alikuwa mama wa makamo kutoka Saltivka, mtaa wa maghorofa huko Kharkiv ulioshambuliwa sana kwa mizinga. Vipande vya kombora vilikuwa vimevunja mfupa wa mguu wake chini ya goti, na ingawa madaktari wa kwao walikuwa wameushikiza kwa vyuma vya nje, usaha ulikuwa umeingia mfupani. Alikuwa mweupe kwa uchovu, na alipotuona tumejifunika nyuso zote aligeukia ukutani. Nilimwomba mkalimani amweleze kwamba tulijifunika kwa ajili ya wagonjwa wengine na kwamba hakuna aliyemwogopa. Alifuatana na mama yake mzazi. Mume wa mgonjwa alibaki, kwa sababu sheria ya vita iliwazuia wanaume wengi wa kati ya miaka 18 na 60 kutoka nchini.

Tulipokuwa tukichukua sampuli na kubadilisha bandeji, yule bibi, mama wa mgonjwa, alikuwa akiuliza jambo moja tu, tena na tena: kitanda hiki ni kiasi gani kwa siku? Mkalimani alimjibu kwamba hatatozwa. Bibi akanyamaza kidogo, kisha akauliza upya, safari hii akitaka kujua bei ya upasuaji.

Swali lile lilinichoma, kwa sababu nililijua tangu nyumbani Kenya. Mjomba wangu alipogongwa na lori karibu na Mariakani, hospitali ya kwanza aliyofikishwa ilidai amana kabla ya kumpeleka chumba cha upasuaji, na ukoo mzima ukakesha ukipigiana simu kuchanga huku mguu wake ukizidi kuvimba. Nimeamini tangu usiku ule wa Cologne kwamba msaada mkubwa kuliko wote ambao serikali inaweza kumpa majeruhi ni kuamua mapema, kwa sheria na kwa bajeti, nani atalipa, ili asiulizwe mtu aliyelala kwenye machela. Ndege huonekana na kupigwa picha, lakini bila uamuzi huo ingemshusha mgonjwa mlangoni pa mhasibu. Laiti majeruhi wa vita vya Goma, Kongo, na wa El Fasher, Sudan, nao wangewekewa utaratibu kama huo.

Asubuhi afisa wa ustawi wa jamii alikuja na kumweleza bibi kwa utulivu: Umoja wa Ulaya ulikuwa umewapa Waukraine hifadhi ya muda tangu tarehe 4 Machi 2022, na hapa Ujerumani, tangu Juni mwaka huo, waliweza kuingizwa katika bima ya afya ya umma kama wakazi wengine. Bibi alisikiliza hadi mwisho, kisha akaomba maneno yale yaandikwe kwenye karatasi na kupigwa muhuri, kwa kuwa mkwewe kule Kharkiv alikuwa ameanza kutafuta mnunuzi wa gari lao ili atume fedha za matibabu. Afisa aliiandika barua hiyo kabla ya saa sita mchana, mkalimani akaongeza tafsiri chini yake, nami nikamshikia bibi karatasi karibu na dirisha ili aipige picha vizuri na kuituma.