Wiki ya tano na Wachet auf: tenori wameingia

Mara ya mwisho niliishia pale nilipomaliza kunakili sehemu ya nne ya Wachet auf ("Amkeni"), kantata ya mtunzi Bach, yaani kazi ya muziki ya kuimbwa na ala, namba BWV 140 katika orodha ya kazi zake, kutoka nota za mistari kwenda solfa, zile herufi za do, re, mi. Tangu hapo tumefanya mazoezi mara tatu. Tenori ni wanne, mimi niko kwenye kinanda, na juzi Jumamosi tulifika mwisho bila kusimama hata mara moja.

Kwa anayeanza kufuatilia leo: kantata nzima ina sehemu saba, na imejengwa juu ya wimbo mmoja wa kanisani. Aliyeutunga ni Philipp Nicolai, mchungaji wa mji wa Unna, Ujerumani. Tauni iliupiga mji wake mwaka 1597, naye akauchapa wimbo huu mwaka 1599. Ni habari ya wale wanawali kumi wa Mathayo 25. Beti zake ni tatu. Bach akaweka moja mwanzoni, moja katikati, moja mwisho. Hii yetu ni ya katikati.

Sauti ya tenori, yaani wimbo wenyewe wa kanisani, inaanza kwa urahisi: d m s, s s s l s. Tenori waliishika siku ile ile ya kwanza. Taabu ilianza nilipoongeza mkono wa kulia, unaopiga sauti ya fidla. Bach amezipa fidla na viola zote sauti moja, na sauti hiyo ni wimbo mwingine kabisa, una madaha, unazunguka kama watu wanaokwenda harusini. Wimbo wa kanisani unauingilia ukiwa bado unaendelea. Wenzangu walikuwa wanausikiliza mkono wa kulia, wanangoja utue ndipo waingie, na kila mara wanachelewa. Mmoja akaniuliza, "Mwalimu, hapa tunaingilia wapi? Mbona muziki haujaisha?"

Nikajaribu kuwapa ishara ya kichwa, haikusaidia. Dawa ikawa besi. Nikaacha mkono wa kulia, nikapiga wa kushoto peke yake, maana besi ya Bach hapa inatembea pigo kwa pigo kama mlinzi anayezunguka ukuta usiku. Nikawaambia wainuke watembee nayo, kwa miguu, wakihesabu. Mara ya tatu waliingia sawasawa. Nikarudisha mkono wa kulia polepole, wala hawakutetereka. Mwili ulinisisimka.

Bado wanaisukuma ile l kana kwamba ndiyo kilele. Ubeti unasema Sayuni anawasikia walinzi wakiimba na moyo wake unaruka kwa furaha. Kwa masikio yangu, kuruka kote kumeachiwa fidla. Tenori wao ni walinzi, watulie. Hilo tutalifanyia kazi wiki hii.

Baadaye Bach aliipanga sehemu hii kwa ajili ya ogani, ikachapwa na mchapishaji Schübler miaka ya mwisho ya 1740, besi ikiwa kazi ya miguu. Kinanda changu hakina pedali. Kwa hiyo nikiwa peke yangu nyumbani, mikono inapiga fidla na besi, na sauti ya tenori naiimba mwenyewe. Ndivyo nilivyojifunza mahali pa kuingia.

Kuhusu siku: Bach aliitoa kantata hii katika mji wa Leipzig, alikofanya kazi, tarehe 25 Novemba 1731, Jumapili ya 27 baada ya Jumapili ya Utatu. Jumapili hiyo hupatikana tu Pasaka ikiwahi sana mwezi Machi. Katika miaka yake yote ya Leipzig ilitokea mara mbili, 1731 na 1742. Sisi hatutaingoja. Tutaimba Jumapili ya mwisho kabla ya Majilio.

Ijumaa anakuja kijana mwenye fidla, ili mkono wangu wa kulia upumzike. Sauti yake nimemnakilia usiku huu, na kila mahali tenori wanapoingia nimetia msalaba mdogo wa penseli, asije akapunguza mwendo kuwangoja.