Mradi wa Postlethwaite: kumtazama anapomsikiliza mwenzake

Daftari la kwanza limejaa, kwa hiyo naandika hapa nilipofika kabla sijafungua la pili. Kwa ambao hawakuwa nami tangu mwanzo: natazama filamu za Pete Postlethwaite, mwigizaji wa Uingereza aliyefariki Januari 2011 akiwa na miaka 64, na kila moja naitazama mara mbili. Mara ya kwanza natazama kama mtu yeyote anayetaka kujua hadithi. Mara ya pili nazima sauti, namwangalia yeye peke yake, hasa pale ambapo mwenzake ndiye anayeongea.

Nimemchagua kwa sababu karibu kote hakuwa steringi. Sisi tuliokulia kwenye mabanda ya video tulizoea kumfuata steringi tangu mwanzo hadi mwisho, wengine wote wakiwa wa kupigwa, kuokolewa au kufa. Kwenye kikundi chetu cha maigizo bado naliona hilo. Kijana akipewa nafasi ya baba wa bibi harusi ananuna, anaona amenyimwa. Nilitaka mtu wa kuwaonyesha vijana hawa, aliyefanya kazi maisha yake yote akiwa "baba", "wakili", "padri" au "mwindaji", na bado ukitoka kwenye filamu unamkumbuka yeye.

Alizaliwa Warrington, kati ya Liverpool na Manchester, mwaka 1946. Mifupa ya mashavu ilichomoza, pua pana, uso kama uliochongwa kwa shoka. Inasemekana alishauriwa abadilishe jina lake refu, akakataa. Jukwaa lilimkuza, hasa ukumbi wa Everyman wa Liverpool miaka ya 1970, alikofanya kazi na kina Jonathan Pryce, Bill Nighy na Julie Walters. Nasisitiza jukwaa kwa sababu kubwa: huko hakuna kamera ya kukukata usionekane wakati mwenzako anasema. Uko pale, watu wanakuona, lazima uwe na kazi ya kufanya.

Nilianza na Distant Voices, Still Lives ya 1988, ya mwongozaji Terence Davies, kuhusu familia ya wafanyakazi wa Liverpool miaka ya 1940 na 1950. Postlethwaite ni baba mkali anayempiga mkewe na kuwatisha watoto. Usiku wa kuamkia Krismasi anawaangalia watoto waliolala kwa upendo ambao hawezi kuutamka mchana. Halafu kwenye meza ya sikukuu, chakula kikiwa kimepangwa, anashika kitambaa cha meza na kukivuta chote chini, kisha anaamuru pasafishwe. Nilipozima sauti niliona jambo ambalo limebaki kuwa uti wa mgongo wa mradi huu: baba huyu hamsikilizi yeyote. Wengine wote ndio wanaomsikiliza yeye, mabega yamepanda, macho yanapima hatua zake. Lakini kuna pahali anamsugua farasi kwa brashi huku akiimba peke yake, watoto wakimchungulia kutoka juu, na hapo mwili wake wote umelegea. Davies hakutuambia tumsamehe. Postlethwaite naye hakuomba kusamehewa, na hilo ndilo gumu kuliko yote kwa mwigizaji. Karibu kila mtu akipewa mtu mbaya huweka mahali kadirisha kadogo ili tumwone yeye mwenyewe, mwigizaji, kuwa ni mtu mwema.

Alien 3 na The Last of the Mohicans, zote za 1992, nimezipita haraka kwa sababu nafasi zake ni fupi.

Kisha ikaja In the Name of the Father, 1993, ya Jim Sheridan, na hapa nilikaa muda mrefu kuliko penginepo. Anacheza Giuseppe Conlon, mtu halisi wa Belfast aliyekamatwa mwaka 1974 alipokwenda London kumtafutia wakili mwanawe Gerry, aliyekuwa akishutumiwa kwa mabomu yaliyolipuka mjini Guildford, Uingereza. Wote hawakuwa na hatia. Giuseppe alifariki akiwa bado mfungwa, Januari 1980. Filamu inawaweka baba na mwana katika selo moja, jambo ambalo halikuwa hivyo katika maisha yao halisi, lakini ndilo linalompa Postlethwaite uwanja.

Daniel Day-Lewis, anayecheza Gerry, alizaliwa 1957. Maana yake "baba" na "mwana" wamepishana miaka kumi na moja tu. Hakuna vipodozi vinavyoweza kubeba pengo hilo. Kinachobeba ni ile pumzi fupi ya mtu mwenye mapafu mabovu, na upole wa mtu ambaye ameshazoea kutoheshimiwa na mwanawe.

Tukio nililolirudia sana ni lile la siku ya kwanza wanapokutana selo. Gerry anafoka: kwa nini kila nikiharibu unanifuata, kwa nini hukuwahi kunifuata nikifanya vizuri? Analeta hadi habari ya medali ya mpira ya utotoni, siku ambayo baba, badala ya kumsifu, alimwonyesha kwamba alicheza rafu. Day-Lewis anapandwa na hasira, analia. Ukizima sauti, ukimwacha Day-Lewis na makelele yake, utamwona mzee anapokea kila neno. Hajitetei. Maneno yanamfika, yanamuumiza, na bado kinachomsumbua zaidi ni hali ya mtoto, siyo heshima yake mwenyewe. Niliwaonyesha vijana watatu wa kikundi kipande hiki. Mmoja, yuleyule wa kununa, aliuliza, "Mwalimu, huyu mzee ana mistari mingapi hapa?" Nikamwambia ahesabu mwenyewe. Alihesabu, akanyamaza, akaomba turudie.

Aliteuliwa kuwania Oscar ya mwigizaji msaidizi kwa kazi hiyo. Mwaka ule tuzo ilikwenda kwa Tommy Lee Jones.

Brassed Off ya 1996 ndiyo ninayoipenda kuliko zote, na sitajifanya nina msimamo wa kati. Ni kisa cha bendi ya matarumbeta ya wachimbaji wa makaa ya mawe huko Yorkshire, mgodi wao ukiwa mbioni kufungwa. Kijiji cha kwenye filamu kinaitwa Grimley, lakini nyuma yake kuna Grimethorpe ya kweli, ambayo mgodi wake ulifungwa 1993, na bendi ya Grimethorpe ndiyo iliyopiga muziki wa filamu. Postlethwaite ni Danny, kiongozi wa bendi, mchimbaji mstaafu mwenye vumbi la makaa kifuani.

Hapa nilidhani kazi ya kusikiliza imekuwa rahisi, maana kiongozi wa bendi riziki yake ni masikio. Msichana mgeni, Gloria, anapopiga kipande chake mbele ya wazee waliomtilia shaka, uso wa Danny unafunguka taratibu huku mkono ukiendelea kuhesabu. Lakini kadiri nilivyorudia ndivyo nilivyoona ukatili uliofichwa ndani ya mtu huyu mpole. Danny anasikia noti moja iliyopotoka katikati ya bendi nzima, ila hamsikii mwanawe Phil, mwenye madeni yanayomla hadi vyombo vya ndani vinachukuliwa, na ambaye bado ananunua trombone mpya ili baba asikasirike. Postlethwaite anacheza uziwi huo bila kuusemea. Baadaye, Danny akiwa hospitali, bendi inakuja kumpigia nje usiku, taa za kofia za mgodini zikiwaka. Na kule ukumbi wa Royal Albert, London, kwenye fainali ya mashindano ya bendi, anapolikataa kombe na kusema kuwa alidhani muziki ndio muhimu kumbe watu ni muhimu zaidi, unajua amelipa gharama gani kulijifunza hilo. Sauti yake kutoka hotuba ile ilitumiwa na kundi la Chumbawamba kufungulia toleo la albamu la Tubthumping, 1997. Wengi wamemsikia bila kujua ni yeye.

Kati ya In the Name of the Father na Brassed Off kuna The Usual Suspects ya 1995. Kama hujaitazama, ruka aya hii. Humo yeye ni Kobayashi, wakili, na anawasikiliza wahalifu kwa adabu ya mtu ambaye jibu analo tayari: hakuna kitu usoni kinachosogea. Mara ya kwanza unaona ni ujeuri. Ukishajua mwisho, ambapo hata jina lake limetoka chini ya kikombe cha kahawa, ule utupu unapata maana mpya kabisa.

Mbili zinatugusa sisi wa huku. Katika The Lost World: Jurassic Park, 1997, yeye ni Roland Tembo, mwindaji anayetaka tyrannosaurus, yule dinosaria mkubwa mla nyama, dume tu, wala hataki malipo. Kuna kipande kilichokatwa kinachomtambulisha akiwa baa ya Mombasa, akimshikisha adabu mtalii anayemsumbua mhudumu wa kike. Nasikitika kilikatwa, kwa sababu kinaonyesha mizani ya haki aliyonayo mtu huyu, na bila hicho uamuzi wake wa mwishoni wa kukataa kazi aliyopewa, rafiki yake Ajay akiwa amekufa, unatokea ghafla mno. Nyingine ni The Constant Gardener ya 2005, iliyopigwa Kenya, ikiwamo Kibera na Loiyangalani karibu na Ziwa Turkana. Humo ni Lorbeer, daktari mwenye deni la damu kwenye majaribio ya dawa, aliyejificha kwenye kambi ya misaada Sudan Kusini. Anasikiliza kama mtu aliyekuwa akingoja siku nyingi aje mtu amuulize.

Sasa niko mwaka 2010, akiwa mgonjwa na bado anafanya kazi. Kwenye Inception ni tajiri anayekata roho, sauti imebaki nyuzi chache, na mwanawe anainama kulidaka neno moja. Kwenye The Town ni muuza maua wa Charlestown, Boston, anayeongoza genge. Anatoa vitisho huku akikata miiba ya mawaridi, macho yakiwa kwenye shina, mkasi hautetereki. Anayetishwa hastahili hata kutazamwa. BAFTA, watoaji wa tuzo za filamu za Uingereza, walimteua kwa nafasi hiyo baada ya kufariki.

Zoezi nililolitoa kwenye mradi huu tumeanza kulifanya Jumamosi: mmoja anasema maneno yote, mwenzake hana hata mstari mmoja, na watazamaji wanamwandikia yule asiye na mstari. Bado sijaitazama The Shipping News mara ya pili, na Dragonheart naitafuta yenye picha nzuri. Nikizimaliza nitarudi kwa baba wawili, wa 1988 na wa 1993, niwatazame usiku mmoja bila sauti.