Mtoto wa Moshi, mtoto wa Tanga na theluji ya Garmisch

Mama mkwe alipopigiwa simu kuambiwa kwamba wikendi tunakwenda mlimani kuteleza, alinyamaza kidogo, kisha akauliza, "Mnakwenda kuteleza, au mnaogopa msije mkateleza?" Mume wangu akamweleza upya: tunavaa mbao miguuni, zinaitwa skii, tunapandishwa juu, halafu tunateleza kwenye theluji mpaka chini. Na tunalipia. "Huku kwetu mtu akiteleza anapewa pole," akasema mama. "Haya, Mungu awatangulie."

Hiyo ilikuwa Februari 2019, mwaka wetu wa pili Munich, Ujerumani. Mwezi uliotangulia theluji ilikuwa imeshuka kusini mwa Bavaria kiasi kwamba wilaya kadhaa zilitangaza hali ya maafa, watu wakapanda juu ya mapaa na makoleo kuizoa kabla nyumba hazijaelemewa. Mvua ikizidi kwetu watu huhama bondeni. Huku barabara zilipofunguka tu, ofisi nzima ilikuwa na habari moja: mlima umejaa, twendeni.

Mimi ni wa Tanga. Barafu ninayoijua ni ya kwenye friza, na zile za ukwaju tulizokuwa tunanyonya tukitoka shule. Mume wangu ni wa Moshi, na taabu ilianzia hapo. Mtoto wa Moshi hukua akiitazama theluji ya Kibo asubuhi mawingu yakijaalia, kabla hata ya kupiga mswaki, kwa hiyo hujihesabu ana undugu nayo. Kilimanjaro hajawahi kuupanda. Alikoishia ni geti la Marangu, tena kwa ziara ya shule. Lakini nilipomwambia najiandikisha mafunzo ya siku mbili ya wanaoanza, akanijibu, "Wewe jiandikishe. Mimi nimeshaangalia video."

Tulichofanya kwa akili ni kufika Garmisch-Partenkirchen, mji wa milimani, Ijumaa jioni badala ya kudamka Jumamosi. Kwa treni ya mkoa kutoka Munich ni kama saa moja na dakika ishirini, na ile tiketi ya siku ya Bavaria huchukua zaidi ya mtu mmoja, ila siku za kazi haianzi kutumika kabla ya saa tatu asubuhi. Tulishuka, tukaweka mabegi kwenye nyumba ya wageni, tukaenda moja kwa moja kukodi vifaa. Kesho yake asubuhi tulipita mbele ya duka lile tukakuta foleni imetoka mpaka barabarani, watoto wanalia, baba mmoja kavaa buti moja anatafuta ya pili.

Buti zenyewe ni plastiki ngumu kama ndoo, zina vifungo vya chuma vya kubana mguu mpaka juu ya kifundo. Kijana wa dukani alinifundisha kupima: ukisimama wima vidole viguse mbele kidogo, ukikunja magoti kuelekea mbele virudi nyuma viachie. Ukiona buti inakaa raha kama raba ya kwenda sokoni, hiyo ni kubwa, na kesho utaijua. Soksi ni jozi moja tu, ndefu, nyembamba. Mume wangu alivaa mbili, ya pili akaificha ndani ya suruali kwa sababu eti baridi haina rafiki. Nitarudi kwenye soksi hizo.

Kisha kijana akaniuliza uzito. Watu nyuma yangu, mume pembeni yangu. Nikapunguza kilo sita. Akaandika, halafu huku akichukua mbao akanieleza bila kunishuku kwamba uzito, urefu, umri, urefu wa soli ya buti na kiwango cha mtelezaji vinajumlishwa kupata namba moja, na namba hiyo ndiyo inayokazwa kwenye kishikizo kinachoshika buti. Ikiwa ndogo kupita kiasi, ubao unachomoka bila sababu. Ikiwa kubwa, unaanguka na ubao hauachii, unaopinda ni mguu wako. Nikamwita kwa kidole, nikamnong'oneza ukweli. Akageuka akaupaza kwa mwenzake aliyekuwa nyuma ya duka na bisibisi.

Zamu ya mume wangu alipoulizwa kiwango, akajibu, "Wa kati." Kijana akamuuliza ameshateleza mara ngapi. "Bado." Ikaandikwa: anayeanza.

Kilichonitesa zaidi dukani ni kichwa. Nilikuwa na rasta za wiki tatu, nimezifunga fundo utosini, na hakuna helmeti inayokaa juu ya fundo. Tulijaribu nne. Ikabidi nizifungue palepale, nizigawe mafungu mawili, nizifunge chini kabisa shingoni, ndipo helmeti ikashuka mpaka juu ya nyusi inavyotakiwa. Dada unayesoma na una safari kama hiyo, suka mistari ya kulala kichwani. Nilimwambia mume wangu kwamba ningejua ningesuka twende kilioni. Akaniambia jina hilo nisilitaje tena mpaka turudi Munich.

Ukutani kulikuwa na picha za Olimpiki ya majira ya baridi ya 1936 iliyofanyika mji huohuo, ya kwanza kuingiza mashindano ya kushuka mlima kwa skii. Wanaume wa kwenye picha wana mbao za mti na sweta, vichwa wazi. Mume wangu alizitazama muda mrefu. Naamini kiburi cha kesho yake kilipata chakula pale.

Jumamosi kulikucha jua kali, anga buluu isiyo na doa. Uwanja wa wanaoanza uko upande wa Hausberg, na kwa mbali unaonekana kama kilima cha kuchezea watoto. Hata ni hivyo. Unapandishwa na mkanda unaotembea, ndugu ya ule wa mizigo uwanja wa ndege, ambao Wajerumani wanauita zulia la kichawi. Nilisimama juu yake nyuma ya mtoto wa miaka minne hivi mwenye nyonyo mdomoni.

Tulikuwa wanafunzi wanane, watu wazima wote, na mwalimu wetu alikuwa mama wa makamo aliyekauka kwa jua. Nusu saa ya kwanza alitunyima ubao mmoja. Tulivaa wa kulia tu, tukawa tunasukuma kwa mguu wa kushoto kama mtoto anayeendesha skuta, kisha tukabadilisha. Ndipo akatupa wa pili, na somo la kwanza likawa kusimama. Watoto wa huku hufundishwa kwa chakula: mbao zikiwa sambamba ni chipsi, unakwenda, ncha za mbele zikikaribiana na visigino vikipanuka ni pizza, unapunguza. Ukipanua zaidi na kuzilaza mbao kwa ndani, kingo za chuma zinakwangua theluji, unasimama. Jambo lenyewe ni hilo tu, na mwili wote unalikataa.

Unalikataa kwa sababu ukiona mteremko unaegemea nyuma. Ni kawaida ya binadamu. Ila ukiegemea nyuma, ncha za mbele zinakuwa nyepesi, hazisikii amri, na mbao zinakimbia na wewe kama punda aliyekata kamba. Mwalimu alikuwa akipita anatugonga magoti kwa fimbo: "Usikae! Hakuna kiti!" Aliponiona sielewi, akanishika mikono miwili akaivuta mbele, kama mtu aliyebeba sinia. Hapo nikaelewa. Sinia nalijua. Nimebeba vikombe vya chai kwenye shughuli za watu tangu nina miaka tisa, na aliyebeba sinia haegemei nyuma, atamwaga. Nikashuka nimelibeba sinia langu la hewa, nikapiga pizza, nikasimama pale nilipokusudia kusimama. Niligeuka kumtafuta mume wangu aone.

Alikuwa chali. Mbali kidogo na uwanja wetu, mbao zimepishana kama mkasi, anajaribu kuinuka huku zikielekea bondeni, kwa hiyo kila akijiinua zinaondoka naye mita mbili, anaanguka tena. Amekuja kushuka mlima mzima namna hiyo, kwa mafungu. Sikuruhusiwa kutoka darasani. Nikampigia kelele kwa Kiswahili mbele ya Wajerumani wote: "Mangi! Ziweke ubavu! Ubavu!" Maana hilo tulikuwa tumeshafundishwa: ukianguka, kwanza geuza mbao zikae upande wa chini yako na zikate mteremko kwa ubavu, ndipo ujisukume juu. Aliponisikia, akainua mkono kunipungia, akaanguka.

Mchana tulikaa kwenye mgahawa wa mlimani tukala Kaiserschmarrn, ambayo ni chapati nene ya maji ya mayai mengi iliyochanwachanwa, ikamwagiwa sukari ya unga, pembeni rojo la tufaha. Alikuwa amevua buti. Zile soksi mbili zilikuwa zimejikunja ndani na kumchora mstari mwekundu juu ya kifundo, ngozi karibu kuchubuka. Sikusema kitu, nikampa mafuta ya mgando, maana na midomo ilikuwa imempasuka. Akaanza mwenyewe: "Sasa mnafanyaje ile ya kusimama?"

Nikamfundisha hapohapo na uma na kisu. Tulitoka nje kujaribu, na ndani ya dakika kumi tulikuwa tumegombana. Nikisema mbele anasikia kushoto, akianguka nacheka, nikicheka ananuna. Mume na mke wasifundishane kuendesha gari, na hili nalo ni hilohilo. Mwalimu ana faida kubwa moja, kwamba hamlali naye chumba kimoja usiku. Nikamwambia kuiona theluji tangu utotoni si hoja. Sabrina Simader alizaliwa Kilifi, pwani kama mimi, akakulia Austria, na mwaka mmoja tu kabla ya safari yetu alikuwa Pyeongchang akiiwakilisha Kenya kwenye Olimpiki ya kushuka mlima. Alipelekwa kwa walimu. Akanijibu kwamba Philip Boit, Mkenya mwingine wa skii, hakuwa mtoto wa theluji na alifika Olimpiki ya Nagano mwaka 1998. Nikamkumbusha alimaliza wa 92, na kwamba Bjørn Dæhlie, aliyekuwa ameshinda, alimsubiri mstarini kumkumbatia. "Basi na wewe nisubiri," akasema, na ugomvi ukaishia hapo.

Jioni alilipia nafasi ya Jumapili kwenye kundi letu.

Jumapili tulihamishiwa kwenye lifti ya nanga. Ni waya unaozunguka juu, umening'iniza vyuma vyenye umbo la nanga, na kila nanga huchukua watu wawili, mmoja huku mmoja kule. Nanga haibebi mtu, inakusukuma matakoni na mbao zako zinateleza chini kwa chini. Sheria ni moja: usikae. Tatizo letu ni kwamba mume wangu ana urefu wa mlango na mimi namfika kwapani. Nanga iliyomkaa yeye chini ya mapaja ilinikaa mimi mgongoni. Mara ya kwanza aliinama kuiteremsha, akakaa, waya ukalegea, tukaanguka wote upande wake. Mara ya pili tulifika kama nusu, mbao zetu zikapandana, nikaenda mimi na kumvuta koti. Mwendesha lifti akaizima. Mlima mzima ukasimama, watu wawili wawili wamesimama na nanga zao wakitutazama tukitambaa kutoka kwenye njia kama kaa. Mara ya tatu mwalimu alinichukua mimi, mume wangu akapewa Mholanzi mrefu. Wakafika wanapiga soga.

Toka huko juu kuna njia ya buluu, yaani nyepesi. Nyekundu ni ya kati na nyeusi ni ya wenye roho ngumu. Kabla ya kushuka mwalimu alitukaririsha kanuni: anayetoka juu ndiye anayewajibika kumkwepa aliye chini, maana aliye chini hana macho kisogoni, na ukitaka kupumzika, pumzika pembeni, kamwe si katikati wala mahali usipoonekana. Kwa mtu aliyezoea barabara zetu, ambako mwenye kasi ndiye mwenye haki, ilinichukua muda kuiamini. Lakini waliifuata. Vijana walipita kama upepo, wakatuzunguka kwa mbali.

Nilishuka wa nne kati ya tisa. Kona za kushoto nilizipata, za kulia niliziomba. Uzito unauweka kwenye mguu wa nje wa kona, wa kushoto ukitaka kwenda kulia, na mguu wangu wa kushoto ni mvivu. Nikaanguka mara mbili, nikainuka mwenyewe mara zote mbili. Mume wangu alikuja wa mwisho, pizza pana kuliko zote duniani, mikono mbele, mdomo wazi, anasema jambo kwa Kichaga ambalo hajanitafsiria hadi leo. Nilimsubiri chini.

Nyumba ya wageni, vifaa, mafunzo, lifti na treni, kwa wawili ilitutoka kama yuro 500, karibu milioni moja na laki tatu za kwetu kwa wakati ule. Si kidogo. Suruali na makoti tuliazima kazini, la sivyo ingekuwa hadithi nyingine, na jinzi usithubutu, inalowa na kuganda. Siku mbili zilitutosha. Ya tatu tusingeinuka.

Maana Jumatatu asubuhi, kwenye ngazi za kushukia treni ya chini ya ardhi, mapaja ya mume wangu yaligoma. Alishika reli, akageuka, akaanza kushuka kiubavu, ngazi moja moja, watu wanampita na mikoba yao. Nilikuwa ngazi tatu juu yake nimechelewa kazini. Nikakumbuka aliye juu ndiye anayewajibika, nikasimama pembeni, nikamsubiri.