Siku moja maishani mwangu: bwana mifugo na punda wa mkokoteni, Chamwino

Saa 12:30 asubuhi. Kazi huanzia kisimani kabla madumu hayajapakiwa, maana punda asiye na mzigo ndiye anayeonyesha mwendo wake halisi. Mwenyewe anamtembeza kwenye ardhi ngumu, kamba ikiwa imelegea, kisha anamkimbiza polepole. Akitembea, miguu hupokezana: wa nyuma kushoto, wa mbele kushoto, wa nyuma kulia, wa mbele kulia. Akikimbia polepole hukanyaga miwili kwa mkingamo, wa mbele wa upande mmoja pamoja na wa nyuma wa upande wa pili, hivyo kuchechemea huonekana upesi. Mtazame kichwa. Mguu wa mbele unaouma ukigusa chini, kichwa hupanda. Mzima ukigusa, hushuka. Wengi huulaumu mguu mzima kwa sababu wameona kichwa kikishuka.

Saa 2:00. Kwato. Punda husimama kwenye ncha ya kidole kimoja kila mguu, ng'ombe kwenye viwili. Misuli mizito imekaa juu, begani na pajani. Chini ya goti ni mifupa, kano na ngozi tu. Kwa hiyo mguu ni mwepesi kuurusha, kama mchi ulioshikwa karibu na upande wake mzito. Gharama yake hulipwa na kano: kwato ikirefuka mbele, ncha huchelewa kunyanyuka, na kano ya nyuma huvutwa zaidi kila hatua. Toa tope, kata kwa koleo, malizia kwa tupa. Ukitazama kwa ubavuni, uso wa kwato na mfupa ulio juu yake vifuate mstari mmoja. Kwato ya punda imesimama kuliko ya farasi; ukiilaza kwa kipimo cha farasi utakuwa umekata kisigino kupita kiasi. Rudia kila wiki 6 hadi 10.

Saa 4:30. Hapa ndipo kwenye madhara makubwa. "Mzee, hii nira ni ya maksai," ndilo neno langu la kwanza. Ng'ombe wa zebu ana nundu na shingo nene, na nira huegemea mbele ya nundu hiyo. Punda hana nundu. Nira humteleza, ikakandamiza mifupa ya juu ya shingo huku vijiti vyake vikibana koo. Punda huvuta kwa kifua. Mkanda upite juu ya kiungo cha bega na chini ya koo: ukishuka, mguu wa mbele hauendi mbele vizuri na hatua hufupika, ukipanda, anakosa pumzi. Upana uwe sentimita 8 hivi. Kamba ya sentimita 2 hukandamiza ngozi mara 4 zaidi kwa mvuto uleule. Gunia lililokunjwa na kushonwa linatosha kabisa.

Saa 8:00 mchana. Kupakia. Madumu manne ya lita 20 ni kilo 80 za maji, mgongoni ni mengi mno. Mawili yanatosha, moja kila upande, uti wa mgongo ukiachwa wazi. Kwenye mkokoteni wa magurudumu mawili, uzito ukae juu ya ekseli, chuma kinachounganisha magurudumu. Ukiwa mbele, mipini hukandamiza mgongo. Ukiwa nyuma, mipini huinuka na mkanda wa tumbo humkaba.

Saa 11:00 jioni. Mikanda ikivuliwa, pitisha mkono mwilini. Manyoya yaliyosuguka begani: mkanda uko chini mno. Kidonda juu ya shingo: nira. Uvimbe tumboni: mzigo umekaa nyuma. Rekebisha chombo kwanza, ndipo utibu kidonda, na punda apumzike mpaka ngozi ifunge.