Kiangazi cha flai: kutoka Katunguru mpaka Paraa

Juni mpaka Agosti huku kwetu Uganda mvua inapungua, barabara za murram zinapitika, na mimi nilishaamua likizo yote ni ya kuvua kwa flai, yaani ile ndoano iliyofungwa manyoya badala ya chambo. Wengi wakipanga wanaanza na ziwa, wanauliza loji nzuri iko wapi. Mimi naanza na samaki. Nataka ngege (tilapia), nataka ngasa (yule samaki wa meno makali, tigerfish), nataka sangara, sasa kila mmoja anakaa wapi na anakula nini? Ukishajua hayo safari umeshaipanga nusu.

Tulianza na ngege, tukapita Masaka, Mbarara mpaka Katunguru, pale mfereji wa Kazinga unapotoa maji Ziwa George kuyapeleka Edward. Sangara na ngasa huku hawapo kabisa, flai kubwa acha kwenye begi. Ziwa George halina kina, wastani kama mita 2.4 tu, na maji ni kijani kwa sababu ya mwani, na huo mwani ndio ngege anakula. Sasa samaki wa hivyo utamdanganya na nini? Nilifunga uzi wa sufi ya kijani kwenye ndoano ndogo, unatupa karibu na matete, unaacha izame yenyewe, usivute vute. Kwenye kona moja maji yalikuwa safi kidogo nikaona viota vyao, mashimo ya duara kama sahani, dume ndiye anayachimba halafu anakaa katikati kufukuza kila anayepita, jike akitaga anabeba mayai mdomoni anaondoka zake. Wale wa kwenye viota niliwaacha. Waliofika kipimo cha sheria tulikula, wadogo wakarudi majini, na muda wote jicho moja liko kwa viboko.

Fort Portal mpaka Hoima sina la kusema, lami tu.

Butiaba ndio ilinipa raha. Unashuka ule mteremko Ziwa Albert lote liko chini yako, milima ya Kongo ng'ambo. (Hapo Butiaba ndio mwandishi Mmarekani Hemingway alinusurika ndege kuwaka moto mwaka 1954, baada ya nyingine kumwangusha karibu na Murchison, na yeye mwenyewe alikuwa mtu wa kuvua.) Wavuvi walikuwa wanaanika muziri, wale vidagaa wanaovuliwa usiku kwa taa, mmoja akashika flai yangu akacheka.

"Kaka, samaki atakula manyoya kweli?"

"Mzee wangu, angalia rangi, si inafanana na muziri?"

Akaigeuza geuza. "Sawa, lakini weka waya. Ngasa atakata huo uzi."

Waya ulikuwepo. Ngasa meno yake yanabaki nje hata akifunga mdomo, ya juu yanaingia katikati ya yale ya chini, nailoni ya kawaida haimalizi dakika. Anagonga, anaruka juu, anatikisa kichwa, na mara nyingi ndoano inatoka kwa sababu ule mdomo ni mfupa mtupu. Wengi walinitoroka hivyo hivyo na bado ningerudi kesho.

Paraa iko ndani ya hifadhi ya Murchison Falls, kibali cha kuvua unachukua UWA, mamlaka ya wanyamapori ya Uganda, usijaribu kujificha. Juu kidogo Nile inabanwa kwenye mwanya wa mita kama 7 hivi halafu inaanguka mita 43, na sangara wanangoja pembeni ambapo mkondo umetulia. Hawa ni wa hapa hapa tangu zamani, wa Victoria ndio walipelekwa miaka ya 1950. Macho yake yanaona vizuri kwenye giza giza kwa hiyo mchana wa jua kali unachoka bure, alfajiri ndio saa yake. Nilitumia rodi (fimbo ya kuvulia) namba 10 na flai ya urefu wa kiganja, nikampata mmoja wa wastani, bega likauma mpaka Masindi.

Desemba kukikauka tena nataka semutundu (aina ya kambare) wa Edward, nimeshaanza kuulizia mwenye boti Rwenshama.